Mhandisi Kwenye Kiti cha Gavana

Msimu wa kampeni ukifika, swali moja huulizwa kwa namna nyingi katika vibanda vya chai vya Samburu. Tumpe nani ugavana: mtu aliyezoea kusema, au mtu aliyezoea kujenga? Watu wa huku wana sababu ya kuuliza. Mvua zikikosa misimu miwili mfululizo, silanga hukauka, ng'ombe hufa, na mgombea anayetaja bomba au barabara husikilizwa kuliko anayetaja katiba. Nasema Samburu ya Kwale, ya Waduruma, iliyo kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ukishapita Mariakani na Maji ya Chumvi na kabla hujafika Taru. Ile kaunti ya kaskazini yenye jina hilo ni habari nyingine.

Tangu 2013 swali hili hujibiwa kwa kura. Salim Mvurya alikuwa gavana wa kwanza wa Kwale, na mwaka 2022 akarithiwa na Fatuma Achani, mwanasheria aliyekuwa naibu wake. Ila cheo cha gavana ni kikongwe kuliko kura zetu. Palikuwa na wakati magavana walitumwa kwa meli, na mmoja wao alikuwa yuleyule ambaye wapiga kura wengi humwota: fundi hasa, mhandisi wa jeshi, mtu aliyejenga reli jangwani ikafika kwa wakati. Alitawala nchi hii kuanzia 1909 hadi 1912. Mwenzake wa kikosi kilekile alikuwa ameshapita Nyika hii miaka kumi na minane kabla yake, akipima njia ya reli.

Mhandisi wa jeshi ni mtu gani?

Jeshi haliendi vitani kwa bunduki peke yake. Lahitaji daraja la kuvukia mto, barabara ya kupitisha mizinga, ramani, nyaya za simu na kisima cha maji. Wanaofanya kazi hizo ni wahandisi wa jeshi: askari wenye vyeo na sare kama wengine, ila silaha yao kubwa ni hesabu. Katika jeshi la Uingereza waliwekwa kwenye kikosi chao chenyewe, Wahandisi wa Kifalme, na dola ile iliwatuma kila ilipokwenda: India, Misri, Afrika Kusini, Pwani ya Afrika Mashariki.

Je, mtu wa daraja aliingiaje kwenye utawala? Tazama kambi ya ujenzi wa reli ilivyokuwa. Mkuu wake alilisha maelfu ya watu, akawatafutia maji, akawatibu, akaamua ugomvi wao, akawaadhibu watoro, akapatana na wazee wa nchi aliyopita, kisha akaandika barua kwa Hazina kueleza pesa zilikokwenda. Hiyo ni serikali nzima, tena inayohama. Aliyeiendesha kwa miaka mitatu alionekana huko London kuwa tayari kukabidhiwa nchi. Ni hoja inayoingia akilini. Kasoro yake ni kwamba watu wa kambi wamekuja kwa kazi na wataondoka, na watu wa nchi wapo kwao.

Wa kwanza kupita: Macdonald

Mwishoni mwa 1891 msafara uliondoka Mombasa chini ya Kapteni James Macdonald, Mhandisi wa Kifalme aliyekuwa amepima reli huko India. Kazi yake ilikuwa kutafuta njia ya reli kutoka baharini hadi Ziwa Viktoria. Bunge la Uingereza lilitoa pesa, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ndiyo iliyosimamia safari. Kikwazo chake cha mwanzo kilikuwa Nyika yenyewe: vichaka vya miiba kuanzia nyuma ya Rabai hadi karibu na Voi, bila mto hata mmoja wa kutegemewa. Misafara ya pembe ilikuwa ikipita huko kwa miaka mingi, ikinywa kwenye vidimbwi vya miambani Taru pale mvua ilipovijaza.

Hapa lipo jibu la swali jingine linaloulizwa sana huku: kwa nini reli ilipitishwa penye ukame, badala ya kufuata mto Sabaki? Kwa mpimaji, ukame una dawa. Maji hubebwa kwa treni, na ndivyo ilivyofanyika ujenzi ulipovuka Taru mwaka 1897. Mlima mkali au njia ya kuzunguka haina dawa rahisi hivyo, kwa sababu kila maili ya ziada hulipiwa milele. Nyika ilikuwa kame lakini mwinuko wake ni wa polepole, nayo ilielekea ziwani moja kwa moja. Waliokuwa wakiishi hapo hawakuwa na tarakimu yao katika hesabu hiyo.

Macdonald alirudi na makadirio ya maili 657 na pauni 2,240,000. Reli iliyojengwa ilikuwa fupi zaidi, yapata maili 580, na bei ilipita pauni milioni 5. Kila anayefuatilia zabuni za serikali atatabasamu hapa.

Kinachomhusisha Macdonald na mada yetu kilitokea akiwa njiani kurudi. Mwaka 1892 aliamriwa ageuke aende Buganda kuchunguza mapigano ya Mengo ya Januari mwaka huo, ambapo Kapteni Lugard wa Kampuni aliwasaidia Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki. Mpimaji wa miteremko akawa hakimu wa siasa za dini. Mjumbe wa serikali, Gerald Portal, alipoondoka Uganda Mei 1893, Macdonald akaachiwa nchi kama kaimu kamishna. Kamishna ni mwakilishi wa serikali mwenye madaraka yote ya kiraia katika nchi iliyo chini ya himaya. Mwezi uliofuata tu, akihofia kwamba askari wa Kisudani wangejiunga na Waganda Waislamu, alimkamata mkuu wao, Selim Bey, mzee mgonjwa, akamtuma pwani. Selim alifia njiani. Novemba Macdonald akampisha kamishna mpya. Alikuwa ametawala nusu mwaka, na katika nusu mwaka huo aliona hatari mapema, akakata shauri haraka, akaondoa kizuizi. Kwenye tuta la reli hizo ni sifa tatu za dhahabu.

Mwaka 1897 alirudi kuongoza msafara mwingine kuelekea kaskazini. Wasudani waliopangiwa kwenda naye walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na mshahara mdogo, wakaasi pale Eldama Ravine. Miezi ya vita ikafuata.

Kwa ufupi hadi hapa

Wahandisi wa jeshi walipewa nchi kwa sababu reli iliwafundisha kuendesha watu wengi mbali na makao makuu. Macdonald alipima vizuri na kutawala kwa muda mfupi na kwa pupa. Anayefuata alipewa muda, pesa na mapenzi ya wakubwa.

Kijana wa Montreal

Édouard Percy Girouard alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1867. Baba yake alikuwa Mfaransa wa Kanada, mwanasheria aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Mama alikuwa wa asili ya Ireland. Alisoma chuo cha kijeshi cha Kingston, akafanya kazi kidogo kwenye reli ya Canadian Pacific, kisha mwaka 1888 akaingia Wahandisi wa Kifalme. Baba hakuupenda uamuzi huo. Kwa miaka mitano Girouard alisimamia treni ndogo za ghala kuu la silaha la Woolwich, kazi isiyo na sifa, na huko ndiko alikojifunza kwamba treni huendeshwa kwa ratiba na vipuri kuliko kwa amri.

Mwaka 1896 Jenerali Kitchener alimwita Sudani. Vita vya kuirudisha nchi ile mikononi mwa Misri na Uingereza vilikwama kwa sababu mto Nile, kati ya Wadi Halfa na Abu Hamed, hupinda kwa mzunguko mkubwa wenye maporomoko. Kitchener alitaka kuikata njia: reli inyooke katikati ya Jangwa la Nubia, maili 230 hivi. Wataalamu walimwambia haiwezekani. Girouard, akiwa hajatimiza miaka 30, alisema yawezekana, akaandika orodha ya kila kitu kitakachohitajika, kuanzia mataruma hadi misumari.

Kazi ilianza siku ya kwanza ya Januari 1897. Kila siku treni ilipeleka mbele reli, chakula na maji, na kila maili iliyojengwa iliongeza safari ya maji kwa maili moja. Hesabu ilionyesha kwamba pangefika mahali treni ingebeba maji ya kujitosheleza yenyewe tu. Visima vikachimbwa, na maji yakapatikana mara mbili, kwenye maili ya 77 na ya 126. Wasimamizi wa vituo walipungua, zikafunguliwa shule huko Halfa, vijana wakafundishwa kusoma na kuandika chini ya mitende ili wapokee na kutuma treni. Injini zilikosekana, Girouard akaenda Uingereza mwenyewe, akamshawishi Cecil Rhodes amwachie injini zilizokuwa zimeagizwa kwa Afrika Kusini. Zilifaa kwa sababu reli ya Sudani ina upana wa futi tatu na inchi sita kama ya Rasi huko Afrika Kusini, na siyo mita moja kama ya Mombasa.

Tarehe 31 Oktoba 1897 reli ilifika Abu Hamed. Mwaka uliofuata majeshi yaliyopita juu yake yalishinda vita vya Omdurman. Nakiri kwamba kama kazi ya uhandisi, sijui nyingine ya enzi ile katika bara hili inayoishinda, hata hii yetu ya kwenda Kisumu. Kuanzia hapo ngazi ilipandwa upesi:

- 1898: rais wa bodi ya reli za Misri.
- 1899 hadi 1902: mkurugenzi wa reli za kijeshi katika vita vya Makaburu.
- 1900: anapewa cheo cha Sir, akiwa na miaka 33.
- 1907: mtawala wa Nigeria ya Kaskazini, mrithi wa Lugard.
- 1909: gavana wa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye.

Alichokijua Nigeria

Nigeria alipelekwa kwa sababu ya reli. London ilitaka njia kutoka bandari ya mtoni ya Baro hadi Kano, mji wa pamba, ngozi na karanga, na ilitaka ijengwe kwa bei nafuu. Girouard aliianzisha mara moja. Treni zilifika Kano mwaka 1911, yeye akiwa ameshahamishwa.

Lakini kazi yake iliyodumu huko ilihusu ardhi. Aliona kwamba reli ikipita, bei ya ardhi kandokando yake hupanda bila mwenye ardhi kufanya lolote, na wenye pesa hukimbilia kuinunua kabla wenyeji hawajajua thamani yake. Watu wa Mariakani na Miasenyi hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wameliona tena tangu reli mpya ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017. Girouard alishauri kwamba ardhi yote ya Nigeria ya Kaskazini iwekwe chini ya usimamizi wa serikali kwa manufaa ya wenyeji, na wageni wasiuziwe. Kamati iliundwa London mwaka 1908, ikakubaliana naye, na sheria ya 1910 ikafuata. Hadi leo wanahistoria huitaja kama sababu mojawapo ya Nigeria kutokuwa na walowezi.

Msomaji asilisahau hili akifika Laikipia. Girouard hakuwa mgeni wa suala la ardhi. Alilifahamu kuliko karibu kila gavana wa wakati wake.

Nairobi, 1909

Alipofika, Himaya ilikuwa haijitoshelezi. Kila mwaka Hazina ya Uingereza iliijazia pengo kwa ruzuku, yaani pesa za bure zinazokuja na masharti: anayepokea ruzuku huomba ruhusa hata ya kununua gurudumu. Gavana aliyetangulia, Hayes Sadler, alikuwa amezomewa na walowezi mlangoni pake. Walowezi ni wakulima wa Kizungu waliopewa mashamba nyanda za juu. Kiongozi wao alikuwa Lord Delamere.

Girouard aliwafurahisha ndani ya miezi michache. Alipanga upya idara, akapunguza makaratasi, akabana matumizi. Reli ya Nairobi hadi Thika ilipoelekea kukataliwa London, iliandikwa kwenye maombi kama "tramu", kitu kidogo kisichomtisha mtu wa Hazina. Ilikuwa reli kamili. Hadithi hii huchekesha, na walowezi waliipenda, ila inatueleza tabia: kwa Girouard karatasi ilikuwa kizuizi cha kuzungukwa ili kazi iendelee. Kufikia 1912 ruzuku ilikuwa imekwisha, na nchi ikasimama kwa mapato yake. Walioitoa sehemu kubwa ya mapato hayo walikuwa Waafrika, kwa kodi ya kibanda.

Kwa upande wa wenyeji aliandika mwaka 1910 mwongozo kwa wakuu wa mikoa na wilaya, akiwataka watawale kupitia wazee na mila za mahali. Ni maneno aliyokuja nayo kutoka Nigeria, nayo yanasomeka vizuri hata leo.

Laikipia

Mwaka 1904 Wamaasai walikuwa wamepatana na serikali. Waliacha Bonde la Ufa, wakapewa maeneo mawili: moja Laikipia kaskazini, jingine kusini mwa reli, na njia ya kuyaunganisha ili watu wapitishe mifugo na kukutana kwa sherehe. Mapatano yalisema yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Yalikuwa na umri wa miaka mitano Girouard aliposhuka Mombasa.

Kwa jicho la mhandisi, mpango ule ulikuwa mchafu. Maeneo mawili badala ya moja, maofisa mara mbili, na ushoroba wa mifugo unaokata katikati ya mashamba ya walowezi huku magonjwa ya ng'ombe yakienea. Suluhisho lilionekana jepesi: wa kaskazini wahamie kusini, eneo la kusini lipanuliwe, Laikipia ibaki wazi. Walowezi walikuwa wakiitamani Laikipia tangu zamani, kwa malisho na maji yake.

Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana na kumfanya mkubwa wa Wamaasai wote, alikufa Machi 1911. Maofisa walisema kwamba alipokuwa anakata roho aliusia watu wa kaskazini wahame. Wosia uliomfaa gavana kiasi hicho, tena uliopokelewa na maofisa wa gavana, unastahili kutiliwa shaka. Tarehe 4 Aprili mapatano mapya yakasainiwa. Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa kaskazini, hakuutaka uhamisho tangu mwanzo. Alama yake iliwekwa, na mabishano kuhusu aliiwekaje hayajaisha.

Uhamisho ulianza katikati ya 1911, nao ukamshinda mtu aliyelivuka Jangwa la Nubia. Yapata watu 10,000, na mifugo mara nyingi zaidi ya idadi yao, walielekezwa kwenye njia chache za kuvuka Mau wakati wa mvua na baridi. Mifugo ilisongamana, nyasi zikaisha, wanyama wakafa, na watu wakafa pia. Kabla mwaka haujaisha Girouard aliusimamisha mwenyewe. Reli hupelekwa mbele kwa sababu taruma halina ndama wala mzazi mgonjwa.

Halafu makaratasi yakamfikia. Waziri wa makoloni, Lewis Harcourt, alikuwa amemuuliza kama kuna mlowezi aliyeahidiwa shamba Laikipia kabla Wamaasai hawajaondoka. Girouard alikana. Norman Leys, daktari wa serikali aliyekuwa Himayani, alikuwa akiandika barua kwa wabunge kueleza yanayotendeka, na ofisi ya Harcourt ilipochimba ikaona kwamba ahadi zilitolewa. Mchezo wa "tramu" ulikuwa umechezwa tena, safari hii juu ya nchi ya watu. Julai 1912 Girouard alijiuzulu, akiwa na miaka 45.

Umaskini haukumpata. Aliingia kampuni ya silaha na meli ya Armstrong Whitworth kama mmoja wa wakuu wake, na mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ikamwita kusimamia utengenezaji wa risasi na mizinga. Alifariki London mwaka 1932.

Kesi ya Mombasa

Wamaasai wa kaskazini walifanya jambo ambalo gavana hakulitarajia: waliweka wakili. Kesi yao ilisikilizwa Mombasa mwaka 1913. Walidai kwamba mapatano ya 1904 bado yana nguvu na kwamba yale ya 1911 hayakukubaliwa na wenye haki ya kukubali.

Mahakama haikuingia kabisa kwenye suala la nani aliahidiwa nini. Ilisema kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba kati ya dola mbili, Uingereza na Wamaasai, na mikataba ya dola haiamuliwi na mahakama za kawaida. Kwa hiyo siku ya kuhamishwa Wamaasai walikuwa raia wa kuamriwa, na siku ya kushtaki wakawa taifa la kigeni. Rufaa ilikataliwa Desemba.

Uamuzi huo unahusu Pwani pia, hata kama haukuitaja. Diani, Gazi na Msambweni zilikuwa ndani ya ukanda wa maili kumi ambao Uingereza iliukodi kwa Sultani wa Zanzibar kwa mkataba wa 1895. Samburu ilikuwa nje ya ukanda huo, bila sultani wala karatasi ya aina yoyote. Mwenye mkataba wa maandishi alikuwa ameambiwa mahakama haiwezi kuusoma. Mduruma wa kando ya reli angekwenda kudai kwa hati ipi?

Gavana mpya, Henry Belfield, hakuwa mhandisi. Alikuwa ofisa wa utawala kutoka Malaya. Ndiye aliyeumaliza uhamisho wa Laikipia, mwaka 1913, na katika mwaka huohuo treni ya kwanza ikaingia Thika.